Nikae na Kule Mpaka Lini?

Milimani juu ya Bwera, mpakani, upande wa Uganda

Kwa dada yangu Nafula,

Salamu zikufikie zikiwa nyingi kuliko mahindi yenu ya msimu huu, na kama mahindi yalikuwa machache, basi ziwe nyingi kuliko ya jirani yako. Mguu unaendeleaje? Nauliza ule unaouma kweli, siyo ule unaousingizia siku ya kulima. Na shemeji yangu, bado anakoroma mpaka kuku wanahama banda? Mwambie mimi nipo, ila meno ya mbele yamenitangulia. Sisi huku tunapumua. Sijaandika tuko wazima, nimeandika tunapumua, na wewe unajua kusoma.

Ungependa nipige simu. Lakini kwa simu unaanza kulia kabla sijamaliza kusema hujambo, na mimi nikikusikia unalia naanza kudanganya ili unyamaze. Karatasi haina machozi, itaniacha niseme. Anakuja nayo Mkenya mwenzetu mmoja anayenunua maharage hapa mpakani. Mpe chai, usimpe maswali.

Nataka kukueleza habari za ile pikapu. Utasema mzee amezeeka, mke anaumwa yeye anaandika habari za gari. Vumilia. Huku kwangu habari ya gari na habari ya Biira zilikuwa habari moja.

Unaikumbuka kwenye picha: pikapu nyeupe, pua fupi kama ya mjomba wetu, haijui petroli wala dizeli. Inakula stima, au umeme kama wanavyosema huku. Watu wa mradi fulani wa kahawa waliileta, mradi ukafa, wakauza vitu vyao, na wanangu wakachanga wakaninunulia nilipostaafu kule kwenye kiwanda cha saruji. Walisema ni zawadi. Ukweli ni kwamba mama yao aliwaomba wanitafutie kitu cha kunitoa nyumbani. Ndipo tukahama Nyamwamba tukaja Bwera, karibu na watu wake.

Sasa sikia jina. Kwetu sisi mtoto huitwa kwa majira: wewe ulikuja na mvua, mimi nikaja na mavuno. Wakonzo, watu wa Biira, hawana muda huo. Kwao mtoto hupewa jina kwa foleni aliyotokea nayo. Mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Mimi na Biira tulifika kwa Masereka, duka likafungwa. Miaka yote hiyo Biira alikuwa akisema kuna mmoja amechelewa njiani. Siku pikapu ilipoingia uani kimya kimya, kama mtoto aliyetoroka shule, alitoka jikoni na mikono ya unga, akaizunguka, akaipiga kofi mgongoni, akasema, "Kumbe Kule ndiye huyu. Ulikuwa wapi wewe?"

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza, maana kwa Wakonzo Kule ni mtu, na kwa Kiswahili kule ni kule. Mteja ananipigia simu: "Mzee, gari iko wapi?" Nasema, "Kule iko hapa." "Iko hapa ama iko kule?" "Kule iko hapa, mama, nimeikalia." Anakata simu, anachukua gari lingine.

Na ule ukimya wake! Siku moja pale kizuizini askari alinisimamisha.

"Mzee, zima gari!"

"Nimezima, afande."

"Usinidanganye. Washa nisikie!"

"Nimewasha, afande."

"Unacheza na serikali?"

"Hapana, afande, nacheza na Kule."

"Na nani kule?"

Nilikaa juani mpaka alipochoka na mimi.

Lakini kazi ilikuwa tamu. Nilipandisha saruji na chumvi milimani, nikashusha kahawa na mihogo. Na gari hii ina tabia moja ambayo mpaka leo wazee hawaiamini: ikipanda inakula betri, ikishuka inajirudishia. Uzito ndio unaoisukuma, nayo inashiba kwa kushuka. Kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa, ndivyo inavyoshiba. Kwa hiyo siku nikikosa mizigo ya kushuka nayo nilikuwa napaza sauti pale juu, "Wanene bure! Wembamba walipe!" Shemasi wa kanisa la kule mlimani, baba mwenye tumbo la baraka, hakuwahi kulipa hata siku moja. Nilikuwa namwita betri ya pili. Mkewe hakufurahi.

Nacheka nikiandika, Nafula. Ngoja nicheke kidogo tena ndipo niendelee.

Basi tumbo la Biira likaanza. Wewe nilikuambia ni vidonda. Nilijua si vidonda. Hospitali walimhudumia vizuri, sina ugomvi na mtu. Wakatutuma Mbarara, wakampiga picha za kila namna, kisha daktari mmoja, kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, akaniita pembeni. Akaniambia, "Mzee, mpeleke nyumbani. Mpe kila anachopenda."

Nikamwambia, "Na akipenda bwana mwingine?"

Hakucheka. Madaktari hucheka mizaha yangu, wote, hata ile mibaya. Huyu aliangalia chini, akanishika bega. Hapo ndipo nilipoelewa.

Alichopenda Biira kilikuwa kimoja: kupanda mlimani kwa dada yake Masika. Nyumba ya Masika iko juu kabisa, pale walipozaliwa. Ukikaa barazani unaona Bwera yote chini, unaona na Kongo, mpaka wanapofua nguo. Wanakaa pale wawili, wanachambua maharage na kuwasengenya watu waliokufa zamani. Akirudi kutoka huko alikuwa anakula. Asipokwenda, hali kitu.

Lakini ugonjwa ulimchagulia usafiri. Harufu ya dizeli tu, anatapika mpaka damu. Bodaboda inamtikisa kama mtu anayepepeta mtama. Ni Kule peke yake aliyeweza kumbeba. Haina moshi, haina kelele, haitikisiki sana. Nilikuwa namweka mbele, mto nyuma ya mgongo, tunapanda polepole huku tukisikia ndege. Kwenye gari gani lingine umewahi kusikia ndege?

Wakati huo huo Kule naye akaanza kuchoka. Betri, Nafula, ni kama sisi. Unailaza imeshiba, ukiamka tayari imepungua. Kwanza nikaacha saruji. Halafu nikaacha chumvi. Mwishoni nilikuwa nikipanda na Biira tu, na yeye mwenyewe alikuwa mwepesi kama kikapu. Fundi anayetengeneza betri za pikipiki kule Kinyamaseke akaipima na mashine yake, akatikisa kichwa. "Mzee, betri mpya ni bei ya gari zima. Iuze sasa ikiwa bado inatembea. Ukingoja, utauza viti na honi."

Mnunuzi alikuwepo. Mfanyabiashara wa ng'ambo, Mkongo, mtu wa tambarare asiyehitaji milima. Alitaka kusambazia soda mjini kwao. Na jina lake, usicheke, ni Kakule. Wao ng'ambo wana majina yale yale, wanayavalisha tu kofia. Kakule anataka kumnunua Kule. Nilipomwambia Biira alicheka mpaka akashika ubavu, na nikamlaumu Mungu kwa kumpa kicheko kinachouma.

Baluku, mwanetu mkubwa, akapiga simu kutoka Kampala. Nilikuwa nimeweka sauti kubwa kwa sababu ya haya masikio yangu.

"Baba, huyo Mkongo hatangoja. Iuze."

"Nitauza."

"Lini? Niambie ukweli. Utakaa nayo mpaka lini?"

"Mpaka matairi yaote ndevu."

"Baba, nauliza kama mtu mzima. Mpaka lini?"

Sikujua Biira yuko macho. Akasema kutoka kitandani, pole pole, kama mtu anayeagiza chumvi, "Mwambie mpaka nife. Si ndicho mnachokihesabu?"

Baluku akakata simu huko Kampala. Unanijua mimi. Nimewachekesha watu hata makaburini, padri ananiogopa. Siku ile mdomo wangu ulikauka. Maana alikuwa amesema kweli. Kila nilipojiuliza niuze wiki hii au mwezi ujao, nilikuwa najiuliza jambo lingine ambalo mume haruhusiwi kujiuliza. Nikisema nauza leo, nimemzika akiwa anaangalia. Nikisema nangoja mwaka mzima, najidanganya. Nikasimama katikati na simu mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata dukani.

Kakule naye akaja mwenyewe, kofia mkononi, na mikate ya Kikongo kwenye mfuko. Mtu wa adabu, siwezi kumsema vibaya.

"Mama, jambo. Pole na magonjwa. Mie nimekuya juu ya ile gari."

Biira akamwangalia. "Wewe ndiye Kakule?"

"Njo mie, mama."

"Utamnunuaje somo yako? Huoni haya?"

"Mama, nitamuchunga kama mutoto yangu. Nitamulaza mu nyumba." Kisha akanigeukia mimi. "Mzee, unipatie siku. Mie sina haraka. Betri njo iko na haraka."

Nikaanza kujiumauma. Nikamwambia habari za makaratasi, habari za mvua, nikamwuliza bei ya soda ng'ambo. Biira akanikatiza.

"Baba Baluku, acha kuzunguka. Nipeleke kwa Masika kesho. Halafu nitampa huyu siku."

Kakule akasema, "Hakuna matata, mama," akaondoka akirudi nyuma nyuma, kama mtu anayetoka kanisani.

Kesho yake tukapanda. Nilikuwa nimeijaza betri mpaka iliposema imejaa, lakini neno la betri mzee ni kama neno la mlevi. Tulipopita shule, mstari wa betri ulikuwa nusu. Tulipofika kwenye mashamba ya kahawa, taa ya njano. Nikazima kila kitu, hata redio ambayo haikuwa imewaka. Kona ya mwisho, mahali ambapo barabara inasimama kama ukuta, Kule akapiga kelele ndogo, ti, ti, ti, akasimama. Nikavuta breki ya mkono. Nikaweka mawe nyuma ya matairi. Juu tulikuwa tunaliona paa la Masika.

"Amefika mwisho," nikasema.

"Hajafika," Biira akasema. "Paa si lile pale?"

Watu wakaja. Unajua milimani, ukisimama tu, nyasi zinatoa watu. Wanaume wakaleta machela, ile ya kijiji inayobeba wagonjwa, na ambayo inabeba pia wasio wagonjwa tena. Wakaiweka chini karibu na mlango wa gari. Biira akaitazama.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ni yako, mama. Panda tukubebe, hapo ni karibu."

"Hiyo nitaipanda siku yangu, na siku hiyo sitawaomba ruhusa. Leo nina gari. Sukumeni."

Wakatazamana. Gari la betri ni zito, Nafula, betri peke yake ni kama ng'ombe. Shemasi ndiye aliyevua koti kwanza. Yule niliyembeba bure akishuka, sasa akaweka lile tumbo lake nyuma ya Kule, akasema, "Haya, wazee, deni la Bwana." Wakasukuma. Mimi kwenye usukani, Biira kando yangu na mto wake, amekaa wima kama mke wa waziri. Wakawa wanahesabu kwa Kikonzo, wanasukuma, wanaweka mawe, wanapumua. Mmoja akateleza akaanguka kwenye matope, wakamcheka. Biira akatoa kichwa dirishani akamwambia, "Wewe, umenichafulia mtoto." Wakacheka wote, na nguvu ikaongezeka.

Tukaingia uani kwa Masika hivyo. Masika alikuwa mlangoni na ungo, ungo ukamwanguka.

Tulikaa mpaka jua likaegemea. Nikasema, "Mama Baluku, twende, tukiteremka Kule atapata chakula kidogo cha kutufikisha." Alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, kichwa kwenye mapaja ya dada yake, wote wawili wanatazama chini kule Bwera, nyumba ndogo ndogo, bodaboda kama siafu.

Akasema, "Mimi sishuki tena."

Nikafikiri ni uchovu. "Tutalala, tutashuka kesho."

"Baba Baluku. Sishuki tena."

Masika alivuta shuka. Alimfunika miguu.

Niliinuka, Nafula. Nilikwenda nyuma ya banda la kukaushia kahawa na nilikaa huko mpaka pua ikakauka. Niliangalia lile gari pale uani. Nilijua hesabu yake yote. Kushuka lingeweza, likijazwa tena chini. Kupanda, sikuwa na uhakika tena, na wale wanaume hawawezi kusukuma kila wiki. Nikishuka nalo, nitabaki chini na gari, na mke wangu atakuwa juu. Nilikuwa nimeliweka mlangoni miezi yote hii kwa sababu moja ambayo sikumwambia hata padri: gari likiwa mlangoni, mgonjwa bado ni mgonjwa, kesho kuna safari, kuna hospitali, kuna daktari mwingine. Likiondoka, hakuna tena tunakokwenda. Kumbe yeye aliacha kwenda zamani. Mimi ndiye nilikuwa bado nasafiri.

Nikachukua simu nikampigia Kakule. "Njoo uchukue. Liko juu kwa Masika."

"Kule juu, mzee?"

"Kule yuko juu, ndiyo."

Alikuja na bodaboda siku ya soko, nusu amekufa kwa hofu ya zile kona. Nilimfundisha: usiguse breki sana, liache lijikamate lenyewe, lijizuie lenyewe, ndivyo linavyokula. Bei aliyonipa sitakuandikia, utamwambia shemeji naye atanicheka mpaka Krismasi. Biira akaomba abebwe mlangoni aone. Alimwambia Kakule, "Usimfundishe kunywa bia," na Kakule akajibu, "Mama, hata mie sikunywaka," uongo mtupu, pua yake ilikuwa inasema vingine. Kisha wale wa sokoni wakaomba lifti. Mama mmoja na ndizi, wazee wawili, wanawake na mihogo, shemasi pia. Kakule hakuwanyima. Pikapu ikajaa watu mpaka pembeni, ikaondoka vile ilivyokuja, bila sauti. Tulisikia vicheko vyao kwenye kona, vikashuka, vikawa vidogo, halafu tukasikia ndege.

Biira akasema, "Umebaki bila gari."

Nikasema, "Nimebaki na wewe."

"Mimi nimefika, Baba Baluku. Wewe ndiye utashuka siku moja. Ukishuka, shuka polepole. Hapo penye kona panateleza."

Nikamrudisha kwenye mkeka wake. Mto nikauweka nyuma ya mgongo.

Basi hivyo ndivyo tulivyo. Nalala kwenye chumba cha zamani cha mbuzi wa Masika, harufu bado ipo, nadhani na wao wananisema vivyo hivyo. Asubuhi namkorogea Biira uji wa ulezi; anakunywa vijiko vichache ili nisione vibaya. Mchana namtoa barazani. Nilimwambia nakuandikia, akasema nikueleze kwamba kitambaa ulichomletea harusini kwa Bwambale bado anacho, hajakivaa, rangi yake ilimtisha.

Kama unaweza, njoo. Usije na dawa za mtu yeyote, wala nabii. Njoo na mikono yako na ule mdomo wako. Ukifika Bwera uliza njia ya kwa Masika, panda kwa miguu asubuhi kabla ya jua, pumzika kwenye mashamba ya kahawa. Ukimkuta, mtacheka. Usipomkuta, utanikuta mimi, na kazi yako itakuwa kunikokota mpaka chini.

Msalimie shemeji yangu mkoromaji, na mama mkwe wako aliyeninyima binti yake kwa sababu ya masikio yangu, mwambie yamekua zaidi. Wasalimie watoto wako, hasa yule mwalimu anayesahihisha barua zangu kwa kalamu nyekundu, hii asiiguse. Nisalimie na kaburi la mama, palilia kidogo upande wangu.

Ni mimi kaka yako Wekesa, huku juu kwa Masika. Kwa leo bado tuko wawili.